Acheni Mshale Ushuke

Kazini walimwita Mama Presha, na wala si kwa sababu ya ugonjwa. Mpimaji wa mwamba alikuwa yeye. Maji yanasukumwa kisimani, chini kabisa, hadi jiwe lipasuke. Kisha pampu inazimwa, kisima kinafungwa, na watu wanatazama mshale wa geji, kile kipimo cha presha ya maji, ukishuka. Pale unapotulia ndipo anapojua ardhi imebanwa kiasi gani, na maji ya kuvuna joto la ardhini yasukumwe kwa nguvu ipi bila kuitikisa.

Siku hiyo aliporudi kutoka kula, alikuta bosi wake keshaivuruga kazi. Bosi mwenyewe ni baba yake mdogo, aliyemtafutia kibarua hicho na anayekaa naye nyumba moja bondeni, chini tu ya kisima. Wakubwa kutoka makao makuu walikuwa njiani, naye alitaka namba ya kuwaonyesha. Kafungulia pampu kwa fujo, jiwe limepasuka, akasoma mshale ukiwa bado juu kabisa. Kungoja utulie? Nani angoje!

"Tunarudia, ba'mdogo."

"Hurudii kitu! Nani aliyekuleta hapa?"

"Wewe, na ahsante. Sogea basi, unanizibia geji."

Loh! Mafundi wakajifanya wanakaza nati. Yeye akasukuma maji taratibu, mwamba ulipofunguka akazima, akafunga kisima, kisha akaweka kiti mbele ya swichi ya pampu na kukaa, mikono kifuani. Wakubwa wakaingia wakamkuta hivyo hivyo, baba mdogo jasho linamtoka.

"Karibuni. Subirini kidogo, mshale bado unashuka."

Wakasubiri, wafanyeje? Mshale ukaja kutulia chini mno, mbali kabisa na namba ya baba mdogo. Kwa namba ile yake, maji yangesukumwa kwa nguvu ya kulitikisa bonde zima.

"Kesho usije!" baba mdogo alifoka mbele ya watu.

"Nije kufanya nini? Nimeshapima."

Mama Presha alirudi nyumbani kwa miguu, hasira zimempanda, na machozi yalimtoka pia, tusidanganyane. Jioni baba mdogo akarudi kula kama kawaida yake, akasimama mlangoni hajui aweke wapi uso.

Mama Presha akampakulia, akamvutia kiti.

"Kaa hapo ukutani, ba'mdogo. Egemea tu. Hautakuangukia."