Nyumba Nilizozifuta

Hesabu na mimi tulikosana tangu shule ya msingi, na sikutarajia tupatane ukubwani. Lakini msimamizi wangu wa uzamifu alishikilia kwamba tasnifu juu ya vifo vya watoto haiandikwi kwa hadithi tupu. Nichukue kwanza cheti cha uchambuzi wa takwimu, halafu ndipo tuzungumze. Miaka hiyo ya tisini nilikuwa mwalimu wa sekondari Migori niliyepewa likizo ya masomo, mama mtu mzima, na nilinuna kama mtoto. Nilienda, kwa sababu ningefanya nini?

Takwimu zangu nilikuwa nimeshazikusanya, Ndhiwa na bonde la Lambwe, upande wa Homa Bay nilikozaliwa. Kamati fulani ya wafadhili ilikuwa na pesa za zahanati moja tu, nayo ilisubiri matokeo yangu ili ijue iijenge wapi. Nyumbani walijua. Wifi yangu, mke wa kaka yangu, alijua kuliko wote. Kaka alikuwa kibarua kwenye mashamba ya miwa mbali, na yeye alibaki Lambwe na kitinda mimba wake, msichana aliyeshikwa na homa kila mvua ikinyesha. Kila mara alimfunga mgongoni, akatembea asubuhi nzima kutafuta dawa. Aliniomba niwaambie hao watu wangu wajenge huku. Nikamjibu kwa kiburi cha msomi kwamba zahanati itafuata hesabu.

Sasa nije kwenye kosa langu. Kwetu mama hahesabu watoto wake. Ukimuuliza anao wangapi atacheka, atasema wapo, au atakwambia ukawatazame uani. Kutaja idadi ni kukionyesha kifo mlango, na kama ameshazika, ndiyo hatasema kabisa. Mimi ni wa huko, nilijua. Nikawaagiza wahoji wangu wasimsumbue mama yeyote: akilikataa swali la umezaa wangapi na wamekufa wangapi, waandike tisini na tisa, maana yake hakujibu, wasonge mbele. Wifi nilimhoji mwenyewe. Alinitazama, akainamisha uso, akaendelea kupeta mtama. Makaburi yaliyo kando ya nyumba yake nayajua, nilikuwepo yalipochimbwa. Lakini karatasi ilitaka jibu la mama mwenyewe. Nikaandika tisini na tisa, na nikajiona mtu wa heshima sana.

Darasani Nairobi tulivua viatu mlangoni ili vumbi lisiingie kwenye kompyuta, tukakaa na soksi, watu wazima wenye vyeo vyao, wengine zimetoboka. Mhadhiri alikuwa mdogo kwangu, mpole, na alinifundisha vizuri, simlaumu. Alisema kabla ya kuchambua lazima usafishe. Kwenye kompyuta kila nyumba ilikuwa mstari mmoja, na mstari wenye jibu lililokosekana ungeharibu hesabu, basi ufutwe. Nikaandika amri ya maneno machache, nikabonyeza, na nyumba zote za tisini na tisa zikatoweka. Jedwali likatoka safi, halina pengo hata moja. Yawa, nilifurahi! Kwa mara ya kwanza maishani hesabu ilinitii.

Halafu nikaona. Kijiji chetu kilikuwa kimebaki na nyumba chache, karibu zote za maharusi wapya na za wenye bahati. Jedwali lilisema huko Lambwe watoto hawafi sana. Nani aniambie hivyo mimi, niliyelala matanga huko karibu kila likizo? Sababu niliijua palepale: waliokataa kuhesabu ndio waliokuwa wamezika. Lakini kazi ilitakiwa Ijumaa, na kurudi bondeni kuuliza upya kungenilia muhula mzima. Nikajiambia nitayaeleza hayo kwenye tasnifu. Nikafyata ulimi. Nilipata alama za juu darasani, jedwali likaenda kwa kamati, na zahanati ikajengwa karibu na Rodi Kopany, kando ya barabara kuu, mbali na bonde letu.

Cheti kilichelewa. Kilinifikia Migori kwa posta zahanati ikiwa imeshafunguliwa, na nilikuwa bado natafuta fundi wa kukitilia fremu mvua za masika zilipoanza. Wiki hiyo hiyo nikaitwa kwenye simu ya ofisi ya shule. Mtoto wa kaka amefariki. Homa ilimshika alfajiri, wifi akamfunga mgongoni kama kawaida yake, akashika njia ya kwenda kwenye hiyo zahanati mpya kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na dawa. Alihisi mtoto amenyamaza kabla hajafika Ndhiwa, safari ingali ndefu. Aliendelea kutembea hata hivyo.

Tulizika. Mimi nilipewa kiti cha mbele, na wifi, uso umevimba kwa kulia, aliwaambia wageni kwamba mimi ndiye niliyezifikisha habari zetu Nairobi. Alisema kwa fahari. Nilitamani ardhi inimeze.

Siku ya pili yake sikuweza tena. Nilimfuata jikoni kwake nikamweleza yote: ile tisini na tisa, ile amri ya kufuta, ile Ijumaa. Nilitaka anitukane. Haki yake ilikuwa hiyo, nami nilikuwa nimejiandaa.

Alisukuma kuni mekoni.

"Kwa nini uliniuliza wangapi?" akasema. "Wewe si mgeni hapa. Ungeniuliza majina ningekutajia wote, walio hai na walio udongoni. Mama hashindwi na majina."

Kisomo chote kile, na swali hilo halikunijia kichwani hata siku moja. Nikapiga magoti hapo hapo kando ya meko. Akaanza kunitajia, pole pole, kutoka kifungua mimba, bila kumtenga aliyekufa na aliye hai. Alipofika kwa yule tuliyemzika jana sauti ilimkatika, mdomo ukabaki wazi. Jina lile nililitaja mimi.