Kalori za Ugenini

Makokha, fundi wa kuchomelea mageti kule Namuwongo, aliambiwa na nesi kwamba mwanaume mzima anahitaji kalori kama elfu mbili na mia tano kwa siku, basi. Makokha hana mzaha na mambo ya kitaalamu. Alinunua daftari, akaandika humo kila tonge alilokula nyumbani.

Lakini Makokha ni Mbukusu, na kwao mgeni akikataa chakula amemtukana mwenyeji. Kwa hiyo chakula cha ugenini hakikuandikwa. "Huo ni wajibu, si ulaji," alimweleza mkewe, Nabangala, bila hata kuona haya.

Ghafla akawa mtu wa kujulia watu hali. Kwa jirani yake Ochola alijua hali ya samaki mzima, sato. Kwa Blandine, jirani Mkongo, alijua hali ya fufu, ugali wao wa muhogo, mpaka sufuria ikalia. Daftari lilibaki safi kama la malaika, ila suruali ikakataa kufunga.

Jumapili mchana alirudi kutoka kanisani, akakutana na harufu ya kuku nyumbani kwake. Kalori za siku alikuwa amezimaliza asubuhi. Akawaza, akavua kofia, akasimama mlangoni pake mwenyewe.

"Hodi wenyewe!"

Nabangala alichungulia dirishani, mwiko mkononi.

"Karibu, mgeni. Ila utanisamehe, baba wa nyumba hii hayupo, na firigisi ni yake peke yake. Nikimpa mwanaume mwingine, Makokha ataniua."

Akafunga dirisha.