Mukono wa muheshimiwa

Leo nimefuata amri ya serikali, na serikali yenyewe imenikasirikia.

Wandugu, munajua vile redio inatuchosha na hii kolera: musisalimiane kwa mukono, munawe na sabuni. Sawa.

Asubuhi muheshimiwa mumoja wa wizara ya afya akaja kwetu mutaani Kamenge kutueleza hayo hayo. Akashuka kwa gari, akaanza kumupa kila mutu mukono.

Kufika kwangu, nikaweka wangu nyuma. Nikainamisha kichwa kwa heshima.

Mukono wake ukabaki hewani.

Na kwa hii vita yetu, ukimunyima mutu mukono, watu wanajiuliza uko upande gani.

"Mama, una shida na mimi?"

"Apana, muheshimiwa. Ni kolera."

Jirani yangu akanivuta kitenge: "We, mupe mukono, utatuletea matata."

Nikamupa.

Basi akasimama mbele yetu, akaanza: "Ya kwanza, musipeane mikono."

Nikaenda kunawa. Robine ya maji imekauka, kama wiki yote.

Nyinyi mungefanya nini?

Niko siberi, kwa mashini za internet za kulipia, hapa mutaa wa Asiatique. Makosa munayoona, munisamehe: naandika na mukono wa kushoto.