Hita ya Mama Recho

Huku Boko mwanamke akijifungua, hata jina la mtoto halijaulizwa, watu wanauliza: Mama Recho ameshaitwa? Jina lake Tupokigwe, mtu wa Tukuyu, kazi yake kukanda wazazi. Mie alinikanda nilipomzaa Albano, enzi za kuni, nikamtukana. Lakini tumbo langu mpaka leo limekaa mahali pake, anayebisha aje aone.

Siku hizi ana hita. Anaitumbukiza kwenye ndoo, maji yanaunguruma, anaichomoa ukutani, ndipo anachovya kitambaa.

Mwaka juzi binti yake Recho akajifungua Marekani. Tupokigwe akaifunga hita kwenye kanga, akapanda ndege. Alishaambiwa plagi zetu haziingii huko, akanunua adapta Kariakoo. Sie hapa plagi ikikataa tunachokonoa tundu la juu kwa kalamu, inaingia, kazi imekwisha. Naye alijua ni hivyohivyo.

Siku ya kumkanda mwanawe akanipigia simu ya picha, sura imemshuka.

"Mama Albano, umeme wa huku mvivu! Tangu tunywe chai, maji uvuguvugu tu. Nimefunga safari yote hii nije nimkande mwanangu kwa maji ya kunawia?"

"Hita imekufa hiyo."

"Ife wapi! Juzi tu nimemkandia Bernadeta."

Mkwewe Benson akaichukua, akasoma maandishi yake. "Mama, hii inataka volti mia mbili thelathini. Za huku ni mia na ishirini. Adapta imebadilisha miguu tu, umeme ni uleule. Hapa inapata robo ya nguvu yake."

"Kwa hiyo nimkande robo?"

Recho akacheka toka kitandani. "Mama, si kuna maji ya moto bombani?"

"Hayo ogeni wewe na mumeo. Benson baba, mna sufuria ya pilau?"

Wanayo. Ikabandikwa kwenye jiko lao, lililozaliwa na umeme wa hukohuko. Simu wakaisahau kwenye stuli kando ya kitanda, mie nikakata? Thubutu. Nikasikia maji yakimiminwa ndooni, kisha:

"Yalaa! Mama, unaniunguza!"

"Tulia. Mama Albano alinitukana, na yupo mzima mpaka leo."

"Nipo nasikia!" nikapiga kelele. Wakacheka wote, hadi Benson.

Hita alirudi nayo. Jana ilikuwa kwangu, mke wa Albano kajifungua. Iliunguruma vizuri, na matusi nimeyasikia mpaka uani.