Jioni Tuliyompoteza Mama wa Masijala

Mwaka huo mkutano wa ofisi yetu ulifanyika Kisumu, na kwa kuwa mimi ni mwenyeji, meneja akanikabidhi jioni ya kwanza. "Sitaki wageni wakae hotelini wakitazama televisheni," aliniambia. "Waonyeshe mji. Wewe si umezaliwa hapa?"

Nilizaliwa hapa, lakini kuzaliwa mahali si sawa na kupaonyesha watu. Wiki nzima sikulala vizuri. Nilipanga tupande boti kule Dunga jua likizama, kisha tule samaki. Mchana wa siku yenyewe mwenye boti akanipigia simu: upepo umegeuka, gugumaji limeziba ufuo, hakuna boti inayotoka. Basi nikaamua kuwatembeza kwa miguu, kuanzia stesheni ya zamani ya reli, tupite karibu na bandari, hadi kwenye vibanda vya samaki ufuoni.

Niliwaeleza nilichokijua. Kwamba reli ndiyo iliyofika ziwani kwanza, mji ukafuata. Kwamba babu yangu alibeba magunia ya pamba hapo hapo tulipokuwa tumesimama. Walisikiliza kidogo, wakapigana picha. Kijana mmoja wa mauzo akauliza, "Sasa historia yenyewe iko wapi?" Wakacheka. Nami nikacheka.

Kati yao alikuwepo mama mmoja wa masijala, mtunza mafaili wa makao makuu Nairobi, mpole, aliyekaribia kustaafu. Wakati wa chakula cha mchana alituambia kwamba hajawahi kufika Kisumu. Alitembea nyuma ya wote, mkoba ameukumbatia kifuani. Pale stesheni alinisogelea akauliza kwa sauti ya chini, "Lile bomba la maji karibu na ukumbi wa Kaloleni, bado watu huchota pale?"

Nikamjibu kwamba sijui, sijapita huko siku nyingi. Wenzake walikuwa wanavuka barabara bila kuangalia bodaboda, nikawakimbilia.

Tulipoketi ufuoni na kuagiza samaki, meneja akatazama huku na huku. "Mama wa masijala yuko wapi?"

Hakuna aliyejua. Kila mtu alidhani yuko na mwingine. Nikampigia simu, ilikuwa imezimwa. Nikapiga hotelini, mapokezi wakasema hajarudi. Jua lilikuwa limeshagusa maji, na wanawake wa vibanda walikuwa wanawasha taa. Nilishuka hadi ukingoni nikatazama lile gugumaji, kijani kibichi kama shamba mtu anaweza kukanyaga. Watu wasiolijua ziwa wamewahi kulikanyaga, wakazama.

"Wewe ndiye uliyetutembeza," meneja alisema niliporudi. Hakupaza sauti, na ingekuwa afadhali angepaza. "Mtafute. Nitaiambia nini familia yake?"

Nilipanda bodaboda tukarudi njia tuliyokuja nayo. Nilimuuliza askari wa stesheni, nikamuuliza mama anayechoma mahindi kwenye kona. Hakuna aliyemwona. Kila mwanamke aliyebeba mkoba alinishtua moyo, kisha akigeuka hakuwa yeye. Ni pale tuliposimama kungoja malori yapite ndipo maneno yake yaliponirudia. Mtu ambaye hajawahi kufika Kisumu amelijuaje bomba la maji la Kaloleni?

"Twende Kaloleni," nikamwambia dereva.

Nilimkuta amesimama mbele ya nyumba moja ya zile za zamani za manispaa, upande wa pili wa njia, mgongo ameuegemeza kwenye ukuta. Alikuwa anautazama mlango uliofungwa. Nilitaka kumfokea. Nilipoukaribia uso wake, hasira ikaniishia.

"Mama, tumekutafuta sana."

"Nisamehe, dada," alisema. "Nilitaka kupita tu. Nimefika hapa nikashindwa kubisha, nikashindwa hata kuondoka."

Akanieleza pale pale, polepole. Alikuwa ameishi katika nyumba ya jirani na hiyo, yeye na mumewe na mtoto mmoja. Ulipofika ule uchaguzi uliozua vurugu, majina yao yalitosha kuwatambulisha kwamba si watu wa huku. Mama mzee wa nyumba hii aliwaingiza ndani kabla vijana hawajafika, akawaficha chumba cha nyuma hadi lori la polisi lilipokuja kuwachukua. "Sikumuaga," alisema. "Tangu hapo nikiulizwa, husema Kisumu sikujui. Ni rahisi zaidi."

Wakati ule mimi nilikuwa msichana wa shule ya msingi kule Manyatta, tumefungiwa ndani, baba amekataza hata kuchungulia dirishani. Nilisikia kelele zikipita nje. Sikuwahi kujiuliza zilikuwa zinaelekea kwa nani. Sasa nilijiona jinsi labda anavyoniona: lafudhi yangu ya Kijaluo, jina langu la huku. Nikaogopa, sijui hata nini hasa.

"Nibishe?" nikamuuliza.

Akavuka njia pamoja nami hadi mlangoni. "Bisha."

Mlango ulifunguliwa na mwanamume mwenye taulo begani. Nilimsalimu kwa Kijaluo, nikamwambia tunamtafuta mama mzee aliyekuwa akiishi hapa. Alitukagua sote wawili, akamkazia macho zaidi mwenzangu. Mwenzangu akanishika mkono.

"Huyo ni shangazi yangu," mwanamume alisema. "Alihamia Nyamasaria kwa binti yake, magoti yanamsumbua. Mnamtakia nini?"

"Kumshukuru," mama wa masijala alisema.

Mwanamume akatoa simu, akapiga, akazungumza na shangazi yake, na kumpa mgeni. Aliiweka kwenye spika, akamwambia aseme kwa sauti kwa sababu mzee husikia kwa shida.

"Mama, mimi ni yule uliyenificha wakati wa vurugu," mama wa masijala alisema.

Kisha sauti kavu ya kizee: "Wewe ni yupi? Walikuwa wengi."

Nadhani miaka yote hiyo mama wa masijala aliamini waliofichwa ni yeye na mtoto wake na mumewe tu. "Mimi ni wa mtoto aliyekuwa akikohoa," alisema mwishowe. "Ulimfunika kwa khanga ili wasimsikie."

Nikadhani simu imekatika.

"Alipona?" mzee akauliza.

"Alipona, Mama."

"Mimi nilifikiri nilimziba sana. Nilifikiri labda nilimuumiza." Akapumua. "Ber. Ber ahinya." Vizuri, vizuri sana.

Mama wa masijala aliketi kwenye kizingiti cha mlango akalia. Mwanamume akaenda kumletea maji.

Tulirudi ufuoni samaki wakiwa wameshapoa na nusu ya watu wamekwenda hotelini. Njiani aliniomba nisimwambie mtu, kwa hiyo meneja alipouliza, nilisema alikutana na jamaa wa zamani na simu ikaishiwa chaji. Meneja akasema tutazungumza, na kweli tulizungumza, kesho yake, mlango umefungwa. Niliyasikiliza yote, siri yake sikuitoa.

Mkutano ulipokwisha wengine walisafiri. Yeye aliomba ruhusa abaki hadi Jumapili. Nilijitolea kumpeleka Nyamasaria, lakini alisema angependa kwenda peke yake. Siku nzima nilishika simu mkononi hata kanisani, nikiogopa mzee asimtambue, au binti yake asimtake. Jioni ndipo alipopiga. Nyuma yake nilisikia sufuria zikigongana.

"Nimefika tangu asubuhi," alisema. "Wamekataa niondoke kabla sijala."