Maji Yaliyorudi Jeppestown

Zubeda binti Mselem alizaliwa Ng'ambo, Unguja, katika nyumba ya bibi yake Mayasa, iliyokuwa bondeni kuliko zote mtaani. Masika yakianza, Bibi Mayasa hakutazama mawingu. Aliuliza bahari ikoje. Mvua kubwa ikikutana na bamvua, bahari inapojaa kupita kawaida, maji ya mtaro yalikosa pa kwenda, yakarudi mpaka uvunguni. Hapo godoro lilipandishwa mezani, na Zubeda akapandishwa juu ya godoro, akila mkate wa kumimina huku bibi akikumba maji kwa kata na kuimba. Kwa mtoto ilikuwa kama sikukuu.

Maji hayo ndiyo yaliyomfanya asomee uhandisi wa mitaro, ingawa kwenye usaili wa kazi alitoa sababu nyingine. Miaka ikapita, akajikuta Johannesburg, katika ofisi ya ghorofani Sandton, mbali na bahari yoyote.

Msimu wa mvua uliopita alitumwa Jeppestown, mtaa wa mji huo huo. Barabara moja ilikuwa imewekewa bomba jipya la maji ya mvua, likaunganishwa na kalavati la zamani, mfereji wa zege upitao chini ya reli. Tangu hapo mafuriko yakazidi. Octave, fundi wa makochi kutoka Bukavu mwenye karakana kwenye barabara hiyo, alikuwa ameharibikiwa vitambaa vyake vyote. Wenzake Zubeda walikwishaamua kwamba bomba ni jembamba, liwekwe pana zaidi. Yeye aliomba kwanza aione mvua.

Alisimama mlangoni pa Octave, radi za alasiri zikipasuka. Mwanzo maji yaliingia vizuri kwenye chemba ya bomba jipya. Kisha kalavati likajaa, na maji yakaanza kutokea pale pale yalipoingilia, polepole, bila kishindo. Aliyajua maji yale.

"Bomba lina nafasi," alimwambia Octave. "Kule linakomwaga ndiko kulikojaa. Kwetu bahari ndiyo iliyokuwa ikitufanyia hivi."

"Lakini huku hakuna bahari, mama."

"Kalavati likijaa, ndiyo bahari yenyewe."

Ofisini alipiga hesabu ya kimo cha maji kalavati linapojaa, akakuta kinapita sakafu ya Octave. Bomba pana lingerudisha maji mengi zaidi, basi. Akalichora upya: lisiungwe pale, bali lishuke sambamba na kalavati mpaka mteremkoni, ambako hata kalavati likijaa, maji yake yako chini ya barabara. Na liingie kwenye kalavati kimshazari, likifuata mkondo, badala ya kuugonga ubavuni. Wenzake walilalamikia urefu wa kuchimba; wakabishana naye wiki nzima, mwishowe wakakubali.

Mvua za mwaka huu zilipoanza, Octave alimpigia simu. "Mama Zubeda, maji iko inapita tu. Imeenda."

Zubeda alitamani kumwambia mtu kwamba ni maji ya Ng'ambo yaliyomfundisha, lakini Bibi Mayasa alikuwa amekwishafariki, nyumba imebomolewa, na ndugu zake walizikumbuka mvua zile kama shida tu.

Jumamosi alikwenda Jeppestown, ingawa hakuwa na kazi huko. Octave alimtolea kiti, akaanza kumsimulia mvua za Bukavu, zilivyoshuka mlimani na udongo mwekundu, na mama yake akiwaita wanawe ndani mmoja mmoja kwa majina. Zubeda akasogeza kiti karibu.