Miraba Iliyolala

Mwaka 1978 Maximilla wa kijiji cha Kumsenga alikuwa mmoja wa vijana waliomaliza darasa la saba wakapewa chaki kabla ya cheti cha ualimu. Alifundisha darasa la tatu huko Nyakitonto, na cheti chake kilitegemea somo moja mbele ya mkaguzi. Akishindwa, angerudi kupalilia maharage ya baba yake, na baba alikwishawatangazia majirani kwamba binti yake ni mwalimu.

Karatasi ngumu za kukatia maumbo hazikuwepo. Siku moja kabla ya somo hilo alikata matete, akayafunga kwa kamba za mgomba: miraba kumi, pembetatu kumi. Kamba zenyewe alizichuna mbichi. Kila anayejenga huku Uha, kwa Waha, anajua kwamba kamba mbichi ikikauka hulegea. Hata yeye alijua, ila giza lilimkuta hana kavu.

Asubuhi alipomimina zana kutoka kikapuni, pembetatu zilikuwa salama. Miraba yote imelala upande. Alikuwa bado anaunyoosha mmoja magotini mwake wakati Bwana Isihaka, mkaguzi kutoka Kasulu mjini, alipoketi nyuma ya darasa na kufungua daftari.

"Pelagia, hili ni umbo gani?" Maximilla alianza, akimpa mwanafunzi mraba mmoja.

Msichana aligeuza matete yale huku na huku. "Lilikuwa mraba, mwalimu."

"Limelewa!" mmoja akapayuka. "Limetoka kwenye pombe ya ndizi!"

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi akaandika kitu. Maximilla aliiona ile kalamu ikienda, akasahau kila alichopanga kusema.

"Kamba ni zile zile," alisema mwishowe. "Mbona pembetatu hazikulala?"

Pelagia akanyoosha mkono: "Baba akitengeneza mlango wa matete huweka tete moja toka kona hadi kona. Asipoweka, mlango unalala."

"Njoo uliweke."

Pelagia akafunga tete, akavuta fundo kwa meno. Mraba ukasimama.

"Ndani yake mnaona nini sasa?"

"Pembetatu mbili!" Wengine walikwishaanza kunyang'anyana matete.

Kengele ilipolia, Bwana Isihaka alikuja mbele ameshika andalio la somo.

"Umeandika watoto watataja majina ya maumbo. Habari za mlango ziko wapi hapa?"

"Hazipo, mzee."

"Na kamba ulifungia mbichi?"

"Ndiyo, mzee."

"Mtoto wa Kumsenga, kamba mbichi! Bibi yako akisikia atasemaje?" Akaiweka karatasi mezani. "Siwezi kusaini somo ambalo hukulifundisha."

Maximilla akaanza kurudisha matete kikapuni.

"Kaa chini, mwalimu. Andika lile ulilofundisha. Kamba mbichi nazo uziandike, usinifiche. Hilo nitalisaini. Gari la kurudi Kasulu linaondoka saa sita."

Alikaa. Kichwa cha somo alikiandika mara tatu ndipo kikasomeka, na mkaguzi amesimama pale pale, anatazama saa.